Safu za Diski kwenye Seva: Kulinda Data na Kupata Kasi, Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Dodoma na Kanda ya Kati

RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama safu moja, inakulinda na jambo moja tu: diski ikifa, seva haisimami. Haikulindi na karani aliyefuta folda nzima, wala na virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha, wala na mwizi au radi. Mafundi wengi wanalijua hilo. Kinachosahaulika ni muda. Tangu diski ya kwanza ife hadi safu irudi kuwa nzima, data yako inategemea bahati, na kwa seva iliyopo Dodoma, Singida, Manyoni au Kondoa muda huo ni mrefu kuliko watengenezaji wanavyodhani.

Piga hesabu. Diski ya 8 TB ikijengwa upya kwa wastani wa MB 150 kwa sekunde inachukua karibu saa 15, na hapo seva haina kazi nyingine. Watu wakiwa kazini, saa 15 zinageuka siku mbili au tatu. Sasa weka na safari: diski imekufa Ijumaa jioni, imegundulika Jumatatu, kibali cha ununuzi kimesainiwa Jumanne, diski imetoka Dar es Salaam kwa basi au kwa treni ya SGR na kufika Jumatano, na kujenga upya kumekwisha Ijumaa. Hiyo ni wiki nzima. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unalenga kufupisha wiki hiyo au kuhakikisha inapita salama.

Kuchagua aina ya RAID

Tuchukue seva yenye nafasi sita na diski sita za 8 TB. RAID 5 inakupa 40 TB na inavumilia kifo cha diski moja. RAID 6 inakupa 32 TB na inavumilia mbili, zozote zile. RAID 10, inayopanga diski kwa jozi zenye nakala ileile, inakupa 24 TB. Inavumilia moja kwa uhakika, na ya pili ikiwa tu si pacha wa iliyokufa. RAID 0 haina ulinzi wowote, tuiache.

Tatizo la RAID 5 kwa diski kubwa ni kusoma wakati wa kujenga upya. Ili kurudisha diski moja kati ya sita, mfumo lazima usome tano zilizobaki kutoka mwanzo hadi mwisho, yaani 40 TB. Diski nyingi za kompyuta za mezani huandikwa kwamba zinaweza kukutana na kosa moja la kusoma lisilorekebishika kwa kila biti 10^14, ambazo ni takriban 12.5 TB. Kiwango hicho ni cha juu, diski nyingi hufanya vizuri zaidi, lakini hakuna sababu ya kuweka hesabu za ofisi juu ya matumaini. Diski za seva huandikwa 10^15, mara kumi bora. Kwa RAID 6, kosa moja la kusoma wakati wa kujenga upya si tatizo, kwa kuwa pariti (taarifa ya ziada ya kukokotolea data iliyopotea) ya pili ipo.

Wapo wanaopenda RAID 5 pamoja na diski moja ya akiba iliyochomekwa tayari. Kwa nafasi sita, mpango huo unakupa 32 TB, sawasawa na RAID 6, lakini diski ya sita inakaa bure ikisubiri mwenzake afe ndipo ianze kujengwa. RAID 6 inakuwa imeshaifanyisha kazi. Kati ya hayo mawili hakuna cha kufikiria sana: chukua RAID 6, na diski ya akiba iweke kabatini.

Upande wa kasi hesabu inageuka. Diski ya mizunguko 7,200 hufanya takriban shughuli 80 ndogondogo kwa sekunde. Sita ni 480. Kila andiko dogo kwenye RAID 10 linagharimu shughuli mbili za diski, kwenye RAID 5 nne (soma data ya zamani, soma pariti ya zamani, andika data, andika pariti), na kwenye RAID 6 sita. Kwa hiyo uwezo wa kuandika ni 240 kwa RAID 10, 120 kwa RAID 5, na 80 kwa RAID 6. Soma tena namba ya mwisho: diski sita kwenye RAID 6 zinaandika vipande vidogo kwa kasi ya diski moja. Ndiyo maana mfumo wa hospitali au wa SACCOS uliowekwa hifadhidata yake juu ya RAID 6 ya diski za kuzunguka hukwama asubuhi foleni inapoanza, huku fundi akilaumu mtandao.

Mpangilio unaofaa ofisi nyingi ni huu: SSD mbili za seva kwenye RAID 1 (kila moja nakala ya mwenzake) kwa ajili ya mfumo endeshi na hifadhidata, kisha diski kubwa kwenye RAID 6 kwa mafaili, picha zilizoskaniwa na kumbukumbu za kamera. Hifadhidata ya ofisi ya kawaida haizidi GB mia chache, kwa hiyo SSD mbili za GB 960 zinatosha na zinamaliza malalamiko mengi kabla hujagusa mpangilio wowote.

Kununua diski

Kagua mambo manne kwenye karatasi ya vipimo kabla ya kulipa.

La kwanza ni namna diski inavyorekodi: iwe CMR, isiwe SMR. Diski za SMR hupanga njia za kurekodia zikilaliana, na andiko dogo linaweza kulazimisha eneo zima liandikwe upya. Kwa matumizi ya kawaida huoni tofauti. Siku ya kujenga upya, kazi ya saa 15 inakuwa ya siku nyingi na diski inaweza kuchelewa kujibu mpaka ikatolewa kwenye safu.

La pili ni muda wa kung'ang'ania kosa. Diski ya mezani ikikuta sehemu mbovu inaweza kujaribu kusoma kwa dakika nzima au zaidi. Linux husubiri sekunde 30 kisha hukata mawasiliano, na safu huiondoa diski ambayo pengine ilikuwa na sehemu moja tu iliyoharibika. Diski za seva na za NAS (hifadhi ya mafaili ya mtandao wa ofisi) hukata tamaa ndani ya sekunde 7 hivi, na safu yenyewe hurudisha data kutoka kwenye pariti. Unaweza kuiweka mwenyewe:

`smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdb`

Ikijibu kwamba haina uwezo huo, ongeza subira ya Linux:

`echo 180 > /sys/block/sdb/device/timeout`

Amri zote mbili hupotea seva ikizimwa, kwa hiyo ziweke kwenye skripti inayowaka na seva.

La tatu, kwa SSD: hakikisha ina kapasita za kulinda data umeme ukikatika. SSD za kompyuta mpakato hazina, na hifadhidata inayolazimisha kila muamala uandikwe kabisa itakuwa ya polepole mno juu yake. La nne: usinunue diski zote za tarehe moja ya kiwanda ukiweza kukwepa, zikizaliwa pamoja na kufanyishwa kazi sawa, zinaweza pia kuchoka pamoja. Na nunua saba, siyo sita. Ile ya saba isijumuishwe kwenye bajeti ya "mwaka ujao".

Kontrola au programu ya Linux?

Kama seva inaendesha Windows, tumia kadi ya kontrola, yaani kadi inayoendesha RAID yenyewe. Kama ni Linux, RAID ya programu kwa `mdadm` inatosha na ina faida kubwa kwetu: bodi ikiungua, diski zinachomekwa kwenye kompyuta yoyote yenye Linux na safu inasomeka. Kadi ikiungua unahitaji kadi ya familia ileile, na hiyo nayo itasafiri.

Anayetumia kadi lazima aelewe kache yake. Katika hali ya WB (write-back), kadi hupokea data kwenye kumbukumbu yake, hujibu "tayari", kisha huandika kwenye diski baadaye. Katika hali ya WT (write-through) husubiri diski zimalize. Tofauti ya kasi kwa RAID 5 na 6 ni kubwa sana, lakini WB ni salama tu ikiwa kadi ina betri, au flashi yenye kapasita kubwa, ya kuokoa kilichomo umeme ukikatika. Betri ikizeeka, kadi hurudi WT yenyewe bila kelele. Seva iliyokuwa nyepesi mwaka mzima ikawa nzito ghafla, angalia betri kabla ya kitu kingine (`storcli64` ni programu ya kadi za LSI/Broadcom):

`storcli64 /c0/bbu show`
`storcli64 /c0/cv show all`
`storcli64 /c0/vall show all`

Kuna hali ya tatu, AWB, inayolazimisha WB hata betri ikiwa imekufa. Malalamiko yataisha siku hiyohiyo, na umeme ukikatika vibaya mara moja utabaki na mfumo wa mafaili uliochanika. Usiiwashe. Vilevile zima kache ya ndani ya diski zenyewe, maana betri ya kadi haiifikii: `storcli64 /c0/vall set pdcache=off`.

Umeme, joto na vumbi

Seva nyingi za ofisi zinakaa kwenye chumba kilichokuwa stoo. Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ukavu, upepo na vumbi. Hewa ikiwa kavu hivyo, umeme tuli hujikusanya mwilini. Vaa mkanda wa kifundo uliounganishwa na fremu ya seva kabla ya kugusa diski. Weka kichujio kwenye mlango wa raki na ukisafishe kila mwezi wakati wa kiangazi. Ukipuliza vumbi, zima seva kwanza na shikilia feni zisizunguke.

Joto la hewa inayoingia kwenye seva liwe kati ya nyuzi 18 na 27. Diski zenyewe zisizidi 45 kwa muda mrefu. Amri `smartctl -A` itakuonyesha. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kuangalia, hasa wikiendi AC ikizimwa na mlinzi anayebana matumizi ya umeme.

Ardhi kavu ina tabia nyingine: ukinzani wa waya wa ardhi hupanda. Fimbo iliyopimwa Machi ikafaulu inaweza isifae Oktoba, kwa hiyo mwambie fundi umeme apime kiangazi kikiwa kikali.

UPS iwe na kebo ya USB inayoingia kwenye seva, na programu ya NUT iwe imesanidiwa kuizima seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha. UPS isiyoongea na seva inaahirisha ajali kwa dakika kumi, basi. Kwa ofisi yenye jenereta chagua UPS ya aina inayobadilisha umeme muda wote. Zile za bei nafuu hukataa umeme wa jenereta ambao masafa yake yanayumba na hubaki zikila betri hadi zinazima. Betri za UPS hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25. Andika tarehe ya kuziweka kwa kalamu nene juu ya boksi.

Kuunda safu, hatua kwa hatua

1. Jaribu kila diski mpya kabla haijaingia kwenye safu: `smartctl -t long /dev/sdb`. Kwa 8 TB ni zaidi ya nusu siku. Fanya zote kwa pamoja usiku mmoja.

2. Andika namba ya kiwanda (serial number) ya kila diski na nafasi yake kwenye seva. Chora, kisha bandika karatasi ndani ya mlango wa raki. Majina `sdb`, `sdc` hubadilika seva ikiwashwa upya. Namba ya kiwanda haibadiliki.

3. Gawa diski ukiacha MB 200 mwishoni, kwa kuwa diski mbili zote za "8 TB" kutoka kampuni tofauti zinaweza kupishana kidogo, na diski iliyopungua hata kidogo haitaingia kwenye safu:

`sgdisk -n 1:1M:-200M -t 1:fd00 /dev/sdb`

4. Unda safu:

`mdadm --create /dev/md0 --level=6 --raid-devices=6 --chunk=256 --bitmap=internal /dev/sd[b-g]1`

Namba 256 ni ukubwa wa kipande kwa KiB. Diski nne zinabeba data na mbili pariti kwa kila mstari, kwa hiyo mstari mzima una MiB 1 ya data. `--bitmap=internal` huweka alama za maeneo yanayoandikwa: umeme ukikatika, safu hukagua maeneo hayo tu badala ya 8 TB zote. Usitumie `--assume-clean` kuruka ulinganishaji wa kwanza kwenye RAID 5 au 6. Pariti itakuwa takataka na hutajua mpaka siku utakapoihitaji.

5. Unda mfumo wa mafaili unaojua umbo la safu. Kwa XFS: `mkfs.xfs -d su=256k,sw=4 /dev/md0`. Kwa ext4 yenye bloku za KiB 4: `mkfs.ext4 -E stride=64,stripe_width=256 /dev/md0`; 64 ni 256 gawanya kwa 4, na 256 ni 64 mara diski nne za data. Juu ya `mdadm` programu hizi mara nyingi hugundua zenyewe, lakini juu ya kadi ya kontrola zinaweza kukosa taarifa hiyo, na hapo hesabu ni juu yako.

6. Hifadhi usanidi: `mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf`, kisha `update-initramfs -u` kwa Debian na Ubuntu. Kwenye `fstab` tumia UUID (kitambulisho cha kudumu cha mfumo wa mafaili) pamoja na `nofail`, ili safu ikigoma seva iwake na uweze kuingia ukiwa mbali.

7. Weka anwani yako kwenye mstari wa `MAILADDR` na uthibitishe barua pepe inafika kweli: `mdadm --monitor --scan --oneshot --test`. Seva nyingi huwa zimewekewa anwani ambayo haijawahi kupokea hata ujumbe mmoja.

Kutafuta kasi

Pima kwanza. Usielekeze kipimo kwenye `/dev/md0`, utafuta kila kitu. Elekeza kwenye faili:

`fio --name=jaribio --filename=/data/jaribio.dat --size=20G --rw=randwrite --bs=16k --iodepth=16 --ioengine=libaio --direct=1 --runtime=120 --time_based`

KiB 16 ni ukubwa wa ukurasa wa InnoDB, injini ya MySQL. Kwa PostgreSQL weka 8k. Faili liwe kubwa kuliko kache ya kadi, la sivyo unapima kumbukumbu ya kadi na kujisifu bure. Fanya hivyo saa ambazo ofisi imefungwa.

Wakati wa kazi, chombo ni `iostat -x 5`. Safu wima za kutazama ni `r_await` na `w_await`, muda wa kusubiri kwa milisekunde. `%util` ya 100 kwenye SSD au safu haina maana kwamba imeelemewa, kwa sababu inahudumia maombi mengi kwa wakati mmoja. Tazama diski mojamoja:

```
Device   r_await   w_await
sdb        11.8      14.2
sdc        12.4      13.9
sdd       143.0     161.7
sde        12.1      14.5
```

Hapa `sdd` ndiyo mgonjwa. Hakuna mpangilio utakaoharakisha safu hii. Kila mstari unaisubiri yeye. Angalia SMART yake (ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia): namba 5 (sekta zilizohamishwa), 197 (zinazosubiri) na 198 (zisizorekebishika). Kama ni 199 inayopanda, tatizo huwa kebo au mahali pa kuchomekea. Chomoa, futa vumbi, badilisha kebo kabla ya kuihukumu diski.

Diski zote zikiwa nzima, mabadiliko haya ndiyo yenye faida halisi kwenye RAID 5 na 6:

`echo 8192 > /sys/block/md0/md/stripe_cache_size`

Chaguo-msingi ni 256. Kache hii humsaidia `mdadm` kukusanya maandiko hadi mstari ujae, na mstari uliojaa hauhitaji kusoma data ya zamani. Gharama yake ni RAM: 8192 mara KiB 4 mara diski sita, takriban MiB 192. Usiipandishe kiholela kwenye seva yenye GB 4.

`blockdev --setra 8192 /dev/md0`

Hii ni kusoma mbele kwa MiB 4. Inafaa kwa video na bakapu, haisaidii hifadhidata na inaweza kuipunguzia kasi. Kwa diski za kuzunguka weka `mq-deadline` kwenye `/sys/block/sdb/queue/scheduler`. Kwa safu iliyo nyuma ya kadi weka `none`, kadi ijipangie. Safu ya SSD kwenye RAID 5 au 6 ikiishia kutumia kiini kimoja tu cha prosesa, jaribu 4 kwenye `group_thread_cnt`.

Watu wengi huongeza `noatime` kana kwamba ni dawa. Linux ya sasa hutumia `relatime`, na faida iliyobaki ni ndogo. `nobarrier` ndiyo hatari: unaruka ulinzi wa mpangilio wa maandiko kwa asilimia chache za kasi. Iache. Badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uende kingine. Mipangilio ya `/sys` hupotea ukiwasha upya, iweke kwenye kanuni ya udev au huduma ya systemd.

Ukaguzi wa kawaida

Mara moja kwa mwezi safu isomwe yote. Debian na Ubuntu hufanya hivyo Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kwingine amuru mwenyewe: `echo check > /sys/block/md0/md/sync_action`. Lengo ni kukuta sekta mbovu wakati pariti zote zipo. Sekta iliyooza kwenye faili la miaka mitatu lisilosomwa na mtu haijulikani mpaka siku ya kujenga upya, na siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Baada ya ukaguzi soma `mismatch_cnt`. Kwenye RAID 6 iwe sifuri. Ikiwa siyo, usikimbilie `repair`: `mdadm` haijui kipande kipi ndicho sahihi, hukokotoa pariti upya kutoka kwenye data iliyopo, hata kama data ndiyo iliyoharibika. Tafuta chanzo kwanza, RAM mbovu ikiwemo. Anayehitaji mfumo unaotambua kipande kilichooza na kukirekebisha atumie ZFS yenye raidz2, ambayo huweka alama ya uhakiki kwa kila bloku.

Diski inapougua au kufa

Kwanza hakikisha bakapu ya jana ipo na inafunguka. Kisha tambua diski kwa namba ya kiwanda: `smartctl -i /dev/sdd`, linganisha na karatasi yako, na uwashe taa yake kwa `ledctl locate=/dev/sdd` kama seva inaruhusu. Kuchomoa diski nzima badala ya mbovu ni kosa la haraka za saa kumi na moja jioni. Hesabu nafasi mara mbili, mwambie mwenzako naye ahesabu.

Nakili mgawanyo kutoka diski nzima `sdb` kwenda mpya `sdh`. Angalia mpangilio wa majina, ukigeuza unafuta nzima:

`sgdisk --replicate=/dev/sdh /dev/sdb`
`sgdisk -G /dev/sdh`

Kama diski bado inapumua, ina sekta chache mbovu tu na nafasi moja iko wazi hata kwa kebo ya muda, usiitoe. Ongeza mpya, kisha uibadilishe huku ya zamani ikiendelea kuchangia:

`mdadm /dev/md0 --add /dev/sdh1`
`mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdd1 --with /dev/sdh1`

Data inanakiliwa kutoka diski ya zamani, pariti inatumika pale tu inaposhindwa kusomeka, na safu haipungukiwi ulinzi hata dakika moja. Ni njia bora kuliko zote na wachache wanaitumia.

Kama imekufa kabisa: `mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdd1 --remove /dev/sdd1`, badilisha, kisha `--add`. Fuatilia kwa `cat /proc/mdstat`. Usiku ongeza kasi ya chini kabisa, `echo 50000 > /proc/sys/dev/raid/speed_limit_min`, na saa moja na nusu asubuhi irudishe 1000 ili watumishi wafanye kazi. Usiwashe upya seva, usisasishe programu dhibiti, usihamishe raki mpaka kazi iishe.

Diski zikitoka nyingi kuliko safu inavyovumilia, ondoa mikono. Mara nyingi chanzo ni kebo, kadi au umeme, na diski zenyewe ni nzima. Kosa linaloua data kabisa ni kuandika `--create` upya kwa matumaini. Linganisha kwanza hesabu ya matukio:

`mdadm --examine /dev/sd[b-g]1 | grep -E 'Events|/dev/sd'`

Zikipishana kidogo, nakili diski zenye makosa kwa `ddrescue` kwenda diski mpya, kisha ukusanye safu kwa nakala hizo kwa `mdadm --assemble --force`, uifungue kwa kusoma tu, na uhamishe data.

Bakapu

Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Moja kati ya hizo iwe imechomolewa, ili virusi visiifikie. Hesabu mtandao kabla ya kuahidi: kupandisha kwa Mbps 20 ni takriban GB 9 kwa saa, hivyo GB 200 zinahitaji saa 22. Nakala ya kwanza ipeleke kwa mkono ndani ya diski iliyosimbwa, kisha `restic` au `borg` vipeleke mabadiliko ya kila usiku. Hifadhidata itolewe kwa `pg_dump` au `mysqldump`. Kunakili mafaili yake inapofanya kazi kunaweza kukupa nakala isiyofunguka. Kila robo mwaka rudisha nakala kwenye kompyuta nyingine na umwite mtumiaji afungue taarifa ya wiki iliyopita.

Diski iliyotolewa

Diski mbovu bado ina taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitofautishi diski inayozunguka na iliyo kwenye droo. Njia rahisi ni kusimba safu kwa LUKS (usimbaji wa diski wa Linux) tangu mwanzo. Hapo diski ikirudishwa kwa muuzaji kwa dhamana haina cha kusomeka. Isiyosimbwa na bado inajibu, iandike juu yote kwa `shred -n 1 -v`, na kwa SSD tumia amri ya kiwanda ya kufuta. Isiyojibu kabisa itoboe sahani kwa drili sehemu tatu au nne, ukivaa miwani kwa kuwa sahani nyingine ni za kioo, kisha uandike namba yake ya kiwanda na tarehe kwenye daftari la vifaa.